Mlango Mfupi wa Patrisi Qamara

Patrisi Qamara wa Daa alikuwa seremala mzuri, na milango yake ilijulikana kuanzia Karatu mjini mpaka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu. Haikuvimba kwa mvua, haikulia ikifunguliwa, na ukiifunga inafunga kweli. Mlango mbaya pekee aliowahi kuutengeneza ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Aliutengeneza mwaka ule aliomwoa Marsela, akiwa kijana asiye na mbao za kutosha, akaukata kwa kimo chake, naye hakuwa mrefu. Hata yeye ilimbidi ainamishe kichwa kidogo ili apite chini ya boriti ya juu.

Marsela aliizoea boriti hiyo tangu ujana wake. Aliinama akiingia na sufuria, akainama akitoka na ndoo, mpaka mwili ukawa unafanya wenyewe bila kumwuliza. Wageni ndio walioumia. Padri mmoja aliwahi kuigonga akiwa katikati ya kuibariki nyumba, akasahau alikuwa amefika wapi, ikabidi aanze upya. Patrisi alicheka mpaka akatoka nje kwa aibu.

Lakini aliyeteswa na mlango huo kuliko wote alikuwa Evarista, mtoto wao wa pekee aliyeishi. Alirefuka kama wajomba zake, na tangu alipovunja ungo haikupita wiki bila kusikia ko! na baada yake kilio cha nusu hasira nusu kicheko. Baba yake angesema, "Mlango umekusalimia, mbona huitikii?" Kisha angemsugua paji la uso kwa kidole gumba na kumwahidi, "Nikimaliza kazi za watu nitaipandisha hii boriti, mama." Kazi za watu haziishi, hasa kwa fundi asiyejua kukataa. Boriti ikabaki pale pale.

Mwaka 1982 Evarista akapata mimba. Aliyempa alikuwa dereva wa trekta la ngano, na mavuno yalipokwisha aliondoka na trekta lake, hata kuaga hakuaga.

Sasa hapa lazima mambo yaelezwe, maana asiye mtu wa huku hawezi kuelewa kwa nini nyumba nzima ilitikisika. Kwa Wairaqw wa zamani, binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa hakuzalia kwa baba yake. Alikwenda kuzalia kwa watu baki, mbali, na kwao wakakaa metimani, yaani wakatengwa. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwao, ng'ombe wao hawakuchanganywa na wa wenzao, hakuna aliyevuka mlango wao, mpaka uishe uchafu wa mimba ile, uliosemekana kudhuru watu na mifugo. Padri alishaukataza mwiko huo kanisani, serikali ilishaukataza mikutanoni, na watu wengi walikuwa wameuacha, au walisema wameuacha. Ngoja tu ng'ombe wa mtu atupe mimba, ndipo utajua nani aliacha kweli na nani alikuwa anapumzika.

Ng'ombe aliyetupa mimba alikuwa wa jirani yao, Felisiani. Siku ya pili yake watu wa Daa wakaanza kupita njia ya mbali.

Patrisi alipandisha mori kwa namna ambayo Marsela hakuwahi kuiona. "Mwanangu hatazalia kwenye majaruba ya vitunguu kama mtu asiye na kwao," alisema. "Atazalia humu. Wasiotaka kuja wasije." Na kweli hawakuja. Wateja wakapotea. Misumeno ikatundikwa. Marsela alipokwenda chemchemi alisimama pembeni na ndoo yake, akangoja wenzake wote wachote, waondoke, ndipo asogee. Wanawake aliocheka nao tangu ujana walimsalimia kwa mbali, kwa heshima, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua.

Marsela hakuwa na kifua cha mumewe. Aibu ilimla. Jioni moja, Patrisi akiwa zizini, alimtazama binti yake aliyekuwa akichambua mboga, tumbo limeshatangulia, akamwambia maneno machache tu. "Mwanangu, na wewe mwenyewe unaonaje?" Hakusema zaidi ya hapo. Evarista aliendelea kuchambua mboga. Lakini alikuwa mtoto mwelewa, na kuna maneno ambayo mama akiyasema, mtoto anasikia na yale yaliyobaki.

Alfajiri iliyofuata Evarista alifunga khanga zake mbili na sweta, akatoka bila kugonga kichwa, akaenda barabarani yanakopita malori ya Mang'ola. Patrisi alisikia lori likipunguza mwendo, kisha mlio wake ukipanda tena. Akaelewa. Aliruka kitandani na kukimbia. Tangu aijenge nyumba ile hakuwahi kusahau kuinama, ila siku hiyo alisahau.

Marsela alisikia ko! na mtu kuanguka. Alipofika, Patrisi alikuwa ameshainuka, ameshika paji la uso, anakimbia kuelekea barabarani. Alirudi baadaye, miguu imejaa vumbi, na uvimbe juu ya jicho kama wa wageni wote waliowahi kuja kwao. "Ameenda," alisema. Hakuuliza kwa nini, na Marsela hakusema. Uvimbe ule haukuhesabiwa na mtu yeyote kuwa ugonjwa.

Wiki mbili tatu za kwanza alikuwa mtu mwenye huzuni, basi. Ndipo kichwa kikaanza kumuuma asubuhi. Marsela alimfunga kitambaa, akampikia uji, akajiambia ni moyo unaomuuma, kichwa kinauitikia tu. Kisha akawa analala sana. Kisha akawa anaranda ubao mmoja kutwa nzima mpaka unakwisha mkononi, haufai hata kwa rafu ya vikombe. Siku moja alimwita Marsela kwa jina la Lusia, dada yake aliyekufa zamani, na Marsela akaitika, kwani angefanya nini? Mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Mwisho akawa analowesha kitanda, mtu msafi yule, aliyekuwa hakai kula kabla hajakung'uta vumbi la mbao kwenye nyusi.

Katika siku za kawaida mtu wa Daa akiugua, nyumba hujaa. Huyu analeta maziwa, huyu anajua mzizi fulani, huyu ana shemeji yake muuguzi. Mmoja kati yao angeinama, angemnusa mdomo, angemshika mkono ule uliolegea, na kusema huyu apelekwe hospitali. Lakini nyumba ilikuwa imetengwa, hakuna aliyekaribia. Cresensia, mke wa Felisiani, aliita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Mama Evarista! Mzee siku hizi anakunywa?"

"Hanywi!"

"Basi ni kile kitu. Kimemwingia. Alikataa kumtoa binti mapema!"

Cresensia hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamwonea huruma, na aliamini anachokisema. Na jambo la kusikitisha ni kwamba Marsela, aliyekwenda kanisani kila Jumapili, naye aliamini nusu yake. Alikaa na mumewe ndani, akimlisha kwa kijiko, akingoja uchafu uishe.

Aliyekuja akaingia alikuwa Hamidi. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Karatu, mwenye duka na lori bovu la kubebea vitunguu kutoka Mang'ola, na alikuwa amengoja mlango wa duka aliouagiza kwa Patrisi mpaka akachoka. Marsela alimzuia uani.

"Shemeji, usiingie. Tumetengwa."

"Nyie mmetengwa na wenzenu, mimi mmenitengea nini? Nipishe nimsalimie fundi wangu." Akaingia, akagonga kichwa kama kawaida yake, akatukana kidogo, kisha akanyamaza. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Evarista, huyu si mlevi wala hajalaaniwa. Huyu anaumwa. Tafuta blanketi."

Dizeli ilikuwa ya shida mwaka huo, na ile iliyokuwa kwenye lori Hamidi aliitafuta kwa jasho ili akapakie vitunguu. Vitunguu vikangoja. Zahanati ya Karatu walimmulika Patrisi machoni, wakasema kazi hii si ya kwao, apelekwe kwa daktari wa misheni kule Endulen. Basi wakapanda, wakapita lango la hifadhi, wakaingia msituni kwenye ukungu. Marsela alizaliwa akiuona mlima ule kila siku na hakuwahi kuupanda. Juu kule baridi ilimkata masikio. Lori lilipopita ukingoni, ukungu ukafunguka kidogo na bonde la Ngorongoro likaonekana chini, kubwa, kimya. Alimgeuza mumewe kichwa ili aone. Patrisi alitazama kwa macho yasiyoshika kitu, akasema, "Mbao." Hakusema neno lingine safari nzima.

Daktari alikuwa Mholanzi mrefu, mwembamba, aliyejifunzia Kiswahili chake kwa wafugaji, hivyo alimsalimia Marsela kwa kumwuliza kwanza habari za ng'ombe. Alimpima Patrisi kwa muda mrefu. Akamgonga magoti, akamkwaruza nyayo, akamwambia anyooshe mikono yote miwili afumbe macho, na mkono wa kushoto ukashuka wenyewe taratibu.

"Mama, aliwahi kuanguka? Aligonga kichwa? Kuna mtu alimpiga?"

"Hapana, daktari. Hapana. Hakuna wa kumpiga."

Marsela hakudanganya. Kwake yeye kugonga boriti ya mlango wao hakukuwa kugonga kichwa. Kulikuwa ni kuingia nyumbani au kutoka. Daktari akasema basi huenda ni kiharusi, au kifua kikuu kilichopanda kichwani, akamlaza, akaanza dawa. Siku zikapita. Patrisi akazidi kuzama.

Asubuhi moja Marsela alikuwa ameketi kando ya kitanda wakati daktari anaingia wodini. Mlango wa wodi ulikuwa mrefu wa kutosha, lakini watu warefu wana tabia yao, na yule Mholanzi akainamisha kichwa. Marsela aliona kile kichwa kikiinama, akasimama.

"Mlango," alisema. "Daktari, aligonga mlango. Siku ile mtoto alipoondoka. Alianguka."

Akaeleza yote, kwa haraka, akichanganya Kiswahili na Kiiraqw, na msichana wa wodi aitwaye Seenoi, Mmaasai, akamshika mkono ili atulie. Daktari aliketi kwenye kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamweleza kwamba kati ya fuvu na ubongo kuna mishipa midogo, na kwa mtu mzima pigo dogo tu linaweza kuuchana mmoja. Damu inatoka kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, haina pa kwenda. Inakaa pale, inageuka nyeusi, inaongezeka, inaubana ubongo. "Ubongo wake mzima, Mama. Umebanwa tu. Nikitoboa fuvu, damu itatoka, anaweza kurudi."

"Kurudi yeye mwenyewe?"

"Labda."

"Toboa," akasema Marsela.

Hawakumlaza kwa dawa ya usingizi, walimchoma sindano ya ganzi tu, naye alikuwa amelala tayari kwa ugonjwa wake. Marsela aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Alitegemea kusikia kisu, kama kisu kina sauti. Alichosikia kilikuwa keekee, kile chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Keekee hasa, ya kuzungushwa kwa mkono, sauti ile ile aliyoisikia uani kwake tangu alipoolewa. Aliijua inavyolalamika ikianza, inavyotulia ikishika, na inavyolegea ghafla inapotokea upande wa pili. Aliposikia imelegea alijifunika uso kwa khanga. Ikaanza tena, tundu la pili.

Kikapita kimya. Kisha, kutoka ndani, ikasikika sauti ya mtu mwenye hasira kidogo, mtu aliyeamshwa vibaya.

"Mnatoboa nini hapo? Polepole basi, mtaupasua ubao."

Seenoi alitoka mbio, amebeba bakuli lenye kitu cheusi kama oili chafu ya lori, anacheka na kulia pamoja. "Yeyo, mama, umemsikia? Anagomba! Mzee anagomba!" Marsela alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashindwa kupumua. Hakuwahi kufurahi namna ile, wala siku ya arusi yake.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuja kumwumiza baadaye kuliko zote, kwa sababu zilikuwa nzuri. Patrisi alirudi. Alikula mwenyewe, akajifunga vifungo mwenyewe, akatembea na mguu wake mpaka barazani kuwatazama ng'ombe wa Wamaasai wakipita. Kichwa chake kilinyolewa, na kitambaa cheupe kilimfanya, alisema Marsela, afanane na bibi yake. Alimwuliza daktari ile keekee ni ya chuma gani. Kwa mkewe alisema, "Nilikuwa nawasikia, mama. Nilikuwa kama mtu aliye shimoni, anasikia watu juu wanaongea, lakini ngazi hana." Kisha akauliza jambo ambalo Marsela alilingoja kwa hofu. "Evarista yuko wapi?"

Marsela alimwambia yuko Mang'ola, Hamidi alishasikia habari zake, amejifungua mtoto wa kike salama. Kisha likamtoka lile lililomkaba muda wote huo. "Mimi ndiye niliyemfukuza, Baba Evarista. Nilimwuliza anaonaje. Nilimfukuza kwa swali."

Patrisi aliokota kipande cha uzi kwenye blanketi, akakizungusha kidoleni. "Na mimi niliiacha ile boriti pale," alisema hatimaye. "Sote wawili, basi. Mwite Hamidi. Aniletee mtoto wangu hapa hapa, mbele ya macho yangu, halafu twende nyumbani pamoja, na siku tukifika ninaikata. Atakayekataa kuvuka mlango wangu, asivuke. Ila yeye ataingia amesimama."

Hamidi alipokuja kuwajulia hali, akatumwa. Akaapa atamleta kabla ya Jumapili. Patrisi akawa anampimia Seenoi kimo kwa kamba, kwa sababu Seenoi na Evarista walilingana, akaongeza na upana wa kiganja juu yake, akafunga fundo. Kamba hiyo aliiweka chini ya mto wake.

Daktari alikuwa ameonya. Damu hii ina tabia ya kurudi, alisema. Kichwa kikiuma tena, kidogo tu, nijulisheni saa hiyo hiyo, maana mara hii nitampeleka Moshi kwa ndege, kuna wataalamu na mashine za kumtazama vizuri. Wote wawili waliitikia ndiyo.

Mvua ikanyesha. Jumapili ikapita bila lori. Siku moja baada ya chakula cha mchana Marsela aliona shati la mumewe limefungwa vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Alisogea amfungulie. Patrisi akamshika mkono.

"Usimwambie."

"Kinauma?"

"Kidogo. Usimwambie, mama. Akijua atanipandisha ndege. Mtoto atafika akute kitanda kitupu. Atasema baba amenikimbia, kama nilivyokimbiwa na wote." Macho yake yalikuwa bado yake, yanamsihi. "Lori linakuja. Nikishamwona, nipelekeni hata Ulaya."

Hapa Marsela alisimama mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kusimamishwa. Akitamka neno moja kwa daktari, mumewe anapata matibabu na mtoto anapata kitanda kitupu. Akinyamaza, labda lori litatokea saa hiyo hiyo kwenye kona. Alishamfukuza Evarista kwa maneno. Aliogopa kumfukuza mara ya pili. Akajiambia atangoja mpaka jioni, jioni tu. Akaketi barazani, masikio njiani. Jioni lori halikuja. Lilikuwa limezama kwenye matope njia ya Mang'ola, na Evarista, mtoto mgongoni, alikuwa akikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu.

Asubuhi Patrisi hakuamka. Marsela alimtikisa, akamwita kwa majina yote, kisha akakimbia akipiga kelele mpaka kwa daktari. Matundu yakafunguliwa tena. Safari hii Marsela hakusikia keekee. Daktari alipotoka alivua miwani.

"Maumivu yalianza lini, Mama?"

"Jana," alisema Marsela. "Mchana."

Daktari alimwekea mkono begani, akaenda. Marsela angependelea amgombeze.

Evarista alifika jua likiwa utosini, matope mpaka magotini, amebeba mtoto ambaye hakuwa na jina bado kwa sababu alimngoja babu yake. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba. Ni mimi. Nimekuja." Macho ya Patrisi yalikuwa wazi nusu, yanatazama mahali kati ya uso wake na dirisha. Aliuchukua mkono wa baba yake, ule mzito wenye sugu, akauweka juu ya mtoto. Ukakaa pale alipouweka. Alipouachia ukateleza. "Baba, nitukane basi," alisema Evarista. "Sema hata mlango umenisalimia." Seenoi alitoka nje akalie.

Alikufa usiku huo bila kumjua mwanawe. Chini ya mto Marsela alikuta ile kamba, akaivaa shingoni.

Hamidi aliwarudisha Daa na jeneza ndani ya lori lililonuka vitunguu. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo ya ua, wengi, wanaume wamevua kofia, wanawake wamejifunika blanketi. Hakuna aliyevuka. Walikuwa wanalia kweli, maana Patrisi walimpenda, lakini hakuna aliyevuka. Evarista alibaki karibu na lori na mtoto wake, hajui asimame wapi.

Marsela hakuwatazama. Aliingia ndani, akatoka na msumeno na nyundo ya mumewe, akapanda juu ya kigoda, akanyoosha kamba kutoka chini mpaka kwenye fundo. Fundo lilipita juu kabisa ya boriti. Akaanza kukata. Hakujua kushika msumeno. Ulikuwa unaruka, unakwama, na boriti ilikuwa ya mtarakwa, mbao inayozidi kuwa ngumu kadiri inavyokaa. Alikata huku akisema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, "Hataingia kwake ameinamishwa. Hataingia ameinamishwa."

Mtu wa kwanza kuvuka ua alikuwa Felisiani, yule mwenye ng'ombe. Alikuja polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Akamshika Marsela kiwiko, akamshusha, akauchukua msumeno. Wengine wakafuata. Boriti iliteremka na udongo wake, mwanga ukaingia ndani ya nyumba mpaka ukuta wa nyuma, mahali ambapo haujawahi kufika.

Wakamwingiza Patrisi, wabebaji wamenyooka. Kisha Marsela akaenda kwenye lori akamshika Evarista mkono, akamleta mbele ya watu wote mpaka mlangoni. "Pita, mwanangu. Baba yako amekufungulia."

Evarista alimweka mtoto vizuri mgongoni. Akafika kizingitini, pale palipokuwa wazi, hakuna kitu juu yake ila anga, akainama.

"Simama, mama," Marsela alimwambia. "Haipo tena."

"Najua," alisema Evarista. Alijaribu tena, na mara ya pili pia shingo yake ikashuka yenyewe. "Siwezi, mama. Nimezoea."

Akaingia hivyo hivyo, ameinama, na Marsela nyuma yake, naye ameinama.